Bima zisiite tiba ya unene uliokithiri kuwa ni urembo

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe dukuduku langu kuhusu kampuni za bima ya afya zinazokataa kugharamia dawa za kupunguza uzito, hata pale daktari anapoziandika kama tiba na mwanachama anapokuwa amelipa michango yake bila kuruka mwezi.

Ombi langu la kwanza lilirudishwa na sentensi moja: mkataba haugharamii huduma za urembo. Wakati huo uwiano wa uzito na urefu wangu (BMI) ulikuwa 34, wakati unene uliokithiri huanza kuhesabiwa kwenye 30, nilikuwa natumia vidonge vya shinikizo la damu vya aina mbili, na usiku nililala na mashine ya kunisaidia kupumua kwa sababu pumzi hunikatika usingizini. Yote hayo yalikuwa kwenye fomu ya daktari, pamoja na vipimo na tarehe zake. Neno hilo moja liliniuma sana, kwa kuwa lilifuta kazi ya daktari aliyenifuatilia kwa miaka minne, na likanifanya nionekane mtu anayetaka kupendeza kwa fedha za wanachama wenzake.

Shirika la Afya Duniani linauhesabu unene uliokithiri kuwa ni ugonjwa sugu, na kwa takwimu zake, mwaka 2022 zaidi ya watu bilioni 1 duniani walikuwa wakiishi nao. Semaglutaidi, ambayo ndiyo dawa niliyoandikiwa, huuzwa kwa jina la Ozempic inapolengwa kutibu kisukari aina ya pili na kwa jina la Wegovy inapolengwa kupunguza uzito, lakini kiini chake ni kilekile. Bima yangu humlipia mwenye kisukari bila maswali mengi. Sisi wengine tunaambiwa tusubiri mpaka tuugue kisukari, na kwa maoni yangu huo si uangalifu wa fedha, kwa kuwa gharama za kisukari na matatizo yake zitakuja mezani kwao hao hao. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kwa watu 17,604 wenye maradhi ya moyo na uzito mkubwa, wasio na kisukari, waliotumia dawa hiyo walipungukiwa kwa asilimia 20 na hatari ya kupata mshtuko wa moyo, kiharusi au kufa kwa maradhi ya moyo. Mwezi Machi 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha itumike kwa lengo hilo hasa.

Nakiri kwamba hofu ya kampuni za bima ina historia. Fenfluramine, iliyowahi kutumika sana kupunguza uzito, iliondolewa sokoni mwaka 1997 baada ya kubainika kuwa inadhuru vali za moyo. Dawa za sasa nazo ni ghali, na wanaozihitaji ni wengi. Hata hivyo, tahadhari hiyo ingetosha kuwafanya waweke masharti ya kitabibu yanayoeleweka na kupimika, badala ya kuendelea kutumia vifungu vilivyoandikwa kabla dawa hizi hazijakuwapo.

Lililonisukuma kuandika barua hii, hata hivyo, ni yaliyofuata baada ya rufaa. Nilitakiwa kwanza kuwasilisha kumbukumbu za miezi sita za mlo na mazoezi, nikaziwasilisha, ndipo nikapewa kibali cha nusu mwaka. Dawa ilifanya kazi. Uzito ulishuka, daktari akapunguza kidonge kimoja cha shinikizo la damu, nikaweza kupanda ngazi bila kusimama njiani. Kibali kilipokwisha na daktari akaomba kiongezwe, jibu lilikuwa kwamba uwiano wangu sasa ni 29, umeshuka chini ya 30, na kwa hiyo sistahili tena. Hakuna daktari anayemnyang'anya mgonjwa vidonge vya shinikizo la damu kwa sababu tu shinikizo limeshuka, kwani kila mmoja anajua kuwa limeshuka kwa nguvu ya vidonge hivyo. Kwa dawa hizi ni vivyo hivyo: washiriki wa utafiti mmoja waliofuatiliwa baada ya kuacha semaglutaidi walirudisha takriban theluthi mbili ya uzito waliopunguza ndani ya mwaka mmoja.

Ninaomba, kupitia gazeti lako, wasimamizi wa sekta ya bima wazitake kampuni zifanye mambo mawili: ziondoe unene uliokithiri kwenye orodha ya urembo, na zinapopitia maombi ya kuongeza muda wa kibali zitumie uzito aliokuwa nao mgonjwa siku alipoanza dawa. Maombi yanayokataliwa yasomwe na daktari anayeujua ugonjwa huu, na sababu zitolewe kwa maandishi ili mwanachama ajue anakata rufaa dhidi ya nini. Rufaa yangu ya pili ina wiki tano sasa bila majibu, na sindano niliyobaki nayo ni moja.

Wako mtiifu,
Msomaji wa gazeti lako