Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mbeya: muhuri wa nyama hausemi nani amechinja

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Assalaam alaykum. Waislamu ni wachache mkoani hapa, nasi tunakuomba jambo moja: utaratibu wa kuchinja machinjioni uandikwe. Sasa tunategemea mazoea kwamba Mwislamu ndiye anayechinja, na mazoea hayo ndiyo yaliyozua fujo kati ya Waislamu na Wakristo Buseresere, Geita, Februari 2013, kisha Tunduma mwezi Aprili, ilipokuwa bado Mkoa wa Mbeya.

Tatizo liko kwenye muhuri. Mkaguzi wa nyama akishaugonga, amethibitisha kuwa mnyama hana maradhi. Hajasema nani amechinja. Ng'ombe akishachunwa, akapasuliwa robo nne na kuning'inizwa pamoja na wengine, hakuna anayeweza kuzitofautisha. Mwenye bucha anabaki kuuza kwa neno la mdomo, na uvumi mmoja wa kibudu unatosha kufunga soko zima.

Wayahudi walilimaliza hili zamani. Mchinjaji wao husomeshwa na kupewa idhini. Kisu hukipitisha kwenye ukucha kabla na baada ya kuchinja. Likionekana pengo hata dogo, nyama ile hawaili. Hukagua mapafu, kisha nyama iliyofaa hutiwa lakiri. Isiyofaa huuziwa wengine, bila ugomvi.

Nasi tunaomba kila robo ifungwe kibati chenye namba ya mchinjaji na tarehe. Ni vibati vinne kwa ng'ombe mmoja, na kisifunguliwe mpaka robo iishe buchani. Wakristo wanaotaka kuchinja wenyewe wapewe zamu yao na kibati cha rangi nyingine. Ni haki yao, hatuipingi.

Kudai kwa maandishi kuna faida. Mahakama ya Cologne, Ujerumani, iliposema Mei 2012 kuwa kumtahiri mtoto kwa ajili ya dini ni kumjeruhi, Waislamu na Wayahudi walipinga kwa pamoja. Desemba Bunge likaruhusu tohara kwa kura 434 dhidi ya 100. Huko Ubelgiji nako, Waislamu na Wayahudi walishitaki pamoja amri ya kumzimisha mnyama fahamu kabla ya kisu. Walishindwa kwenye Mahakama ya Umoja wa Ulaya, Luxembourg, mwaka 2020, na kwenye Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg, mwaka 2024, lakini hakuna aliyerusha jiwe. Hawakuacha kutofautiana juu ya Palestina. Walijua tu kwamba kisu ni shauri lao wote.

Tuitie kikao kabla ya Idd el-Hajj: afisa mifugo, wakaguzi, BAKWATA, makanisa na wenye mabucha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Wachinjaji na wauza nyama Waislamu, Mbeya