Kwa nini hatupigi dawa kila tunapokuja bustanini kwako

Malalamiko ni yaleyale, kuhusu vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea: "Nimewalipa, mbona vidukari bado wapo kwenye mawaridi? Jirani yangu anamwita kijana mwenye bomba, nusu saa kamaliza, na bei ni nusu ya yenu." Juzi mteja mmoja hapa Arusha alifika mahali pa kusema tumemwibia. Limetuuma.

Hiyo bei ya nusu tunajua inakoishia. Mteja wetu wa Njiro alinunua dawa kali duka la pembejeo, akapiga bustani nzima. Vidukari walikufa, na wadudu wanaowala wakafa nao. Haukupita muda majani yakageuka rangi ya shaba, chini yake utando mwembamba: utitiri mwekundu. Huyo ni jamaa ya buibui. Dawa nyingi za wadudu hazimtishi, ila zinamwondolea maadui. Dawa ya utitiri peke yake ilimgharimu mteja huyo zaidi kuliko malipo yetu ya miezi kadhaa, na miwaridi mingine tuliing'oa.

Sisi tunageuza majani kwanza. Vidukari wachache tunawaangusha kwa maji ya mpira; wakizidi ni maji ya sabuni, shina kwa shina, jioni nyuki wakisharudi mzingani. Kisha tunafuata njia za sisimizi, maana ndio wanaowalinda vidukari ili wanyonye umajimaji mtamu wanaoutoa. Nusu saa haitoshi hata mstari mmoja.

Na tafadhali, ukiona kidudu cheusi chenye madoa ya rangi ya chungwa, umbo kama mamba mdogo, usikiponde. Ni mtoto wa yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, na vidukari ndio chakula chake. Mama mmoja wa Sakina alitukaribisha na kopo limejaa hao, amewaokota asubuhi nzima. Tulimwomba awarudishe wote. Kinyonga wa kwenye uzio naye aachwe; hana sumu, anakula nzi na panzi.

Rihani na giligilani tukiziacha zichanue, si uvivu. Maua yake madogo huwavuta nzi wa maua, ambao hutaga mayai katikati ya vidukari na mabuu yao huwala. Mishubiri tunaipanda kwa ajili ya ndege chozi: hunywa nekta, maji matamu ya maua, na makinda yake huyalisha wadudu na buibui.

Bei ya mwezi inabaki ileile. Ukitaka kupiga dawa mwenyewe, tupigie simu kwanza, tukuambie ni kichaka kipi kinahitaji na kipi kiachwe.