Kilimanjaro si ukumbi wa sherehe

Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma tangu nikiwa mgumu, yaani mpagazi, nabeba mizigo ya wageni njia ya Marangu, na sijawahi kuwaandikia hata mstari. Ila ile habari yenu ya magari ya nyaya ya kupandisha watalii Kilimanjaro, iliyousifia mpango wa mwaka 2019 utadhani mwandishi ndiye mwenye tenda, imenikaa kooni.

Mnasema yatawasaidia wazee. Wazee gani? Julai 2019 mama wa Kimarekani, Anne Lorimor, alifika kilele cha Uhuru kwa miguu yake akiwa na miaka 89. Na asiyeweza kupanda, kwani lazima afike? Asimame mjini Himo, huku chini, alfajiri kabla mawingu hayajaufunika mlima, autazame hadi achoke. Bure.

Intaneti ilipofika kambi ya Horombo mwaka 2022 sikulalamika; mgonjwa akizidiwa, unaita msaada. Lakini kumbe tulikuwa tunafungua mlango wa sherehe. Desemba iliyopita tulilala kambi ya Barranco na wageni wangu, mmoja kichwa kinamgonga na anatapika kwa sababu ya kimo. Kundi la jirani lilikuwa na spika ukubwa wa ndoo, muziki hadi usiku wa manane. Nikaenda kuomba kwa adabu. Kijana akanijibu bila hata kugeuka: "Mzee wangu, hapa ni hifadhi ya taifa, siyo msikitini. Tumelipia." Kulipia walilipia kweli. Asubuhi, nyuma ya kila jiwe kubwa, karatasi za chooni. Halafu nikaona mti mmoja wa senesio umechunwa yale majani makavu yanayoning'inia kwenye shina, ambayo kazi yake ni kuukinga mti na baridi ya usiku, na kando yake majivu. Majivu, Mhariri! Mahali ambapo kila mwongozaji anajua kuwasha moto ni marufuku, hasa baada ya Oktoba 2020, moto ulipoanzia Whona, pale pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo, ukala kilomita za mraba zipatazo 95, na wanafunzi wa chuo cha Mweka wakapanda kuuzima kwa matawi ya miti. Mamlaka zilisema chanzo ni wapagazi waliokuwa wanapasha chakula. Chakula tu! Vichaka vilivyoungua ndivyo vinavyonasa ukungu na kuudondosha ardhini, na maji hayo ndiyo yanayokuja kushuka kwenye mifongo, mifereji inayonywesha migomba yetu. Mnaoandika kuhusu barafu kila mwaka, andikeni na vichaka siku moja.

Na tukiwa hapo hapo: kuni. Ule ukanda wa msitu wa nusu maili, uliotengwa tangu 1941 ili wanakijiji wapate mahitaji yao, uliingizwa ndani ya hifadhi mwaka 2005 pamoja na msitu wote. Tangu hapo shangazi yangu akitoka msituni na mzigo wa kuni kavu, ni kesi. Sawa, tulinde. Lakini mnielezee ni ulinzi gani unaostushwa na kuni za bibi kizee, kisha unakaa mezani kujadili nguzo za chuma zipite juu ya msitu huo huo.

Kama hizo nyaya lazima zifungwe, zifungeni huku chini, kwenye makorongo kati ya kijiji na kijiji, ambako masika wajawazito bado wanabebwa kwa machela.

Kuhusu spika, dawa ninayo. Geti la Machame mizani ipo tayari, kila mzigo wa mpagazi unapimwa usizidi kilo 20. Pembeni yake liwekwe kabati lenye kufuli, spika zote ziachwe humo, mwenyewe apewe kibao chenye namba. Najua wanaopandia Machame hushukia geti jingine, la Mweka. Ndiyo maana nimechagua Machame. Nauli ya kuifuata, juu yake.

Mwongozaji wa mlima,
Marangu