Sabasaba Ina Vyumba Vingi: Barua kwa Wajukuu Waliogombania Tarehe Barazani Kwangu

Wajukuu zangu wa chama cha Kiswahili,

Assalaam alaykum kwa wanaoipokea hivyo, na wengine hamjambo. Mimi sijambo, ni goti tu, na goti nalo ni la kila kusi.

Jumamosi iliyopita mlikaa barazani kwangu tangu alasiri mpaka taa za barabarani zikawaka, mkigombania siku moja: 7 Julai, Sabasaba, na jinsi chama chenu kitakavyoiadhimisha. Mlidhani nimeshughulika na mchele wangu. Ni kweli ungo ulikuwa mapajani, natoa chuya na vijiwe, lakini masikio hayachagui mchele. Nimemsikia aliyesema tarehe 7 Julai ni siku ya mashairi, leso na viazi karai, na asiyetaka furaha akae kwao. Nimemsikia aliyemjibu kwamba kula viazi karai siku damu ilipomwagika ni usaliti. Na nimemsikia yule wa pembeni, aliyekuwa akimaliza kashata zangu bila kukaribishwa, akisema siku yenyewe ni ya Watanzania, Wakenya wameazima tu. Hapo ndipo nilipoweka ungo chini. Mimi nimezaliwa Tanga, nikaolewa Mombasa, nikafundisha Kiswahili Nairobi mpaka nikastaafu. Mkianza kugawa tarehe kwa pasipoti, mimi mtanikata mapande.

Sikuwajibu palepale. Mlikuwa mmeshapanda mori, na mimi nilikuwa na wali wa kupika. Nimeona bora niandike, na niandike wazi, kwa kuwa najua ugomvi huu hauko barazani kwangu peke yake.

Nianze na wa kashata. Tarehe 7 Julai 1954, Dar es Salaam, watu 17 walikutana wakakigeuza chama cha TAA (Tanganyika African Association) kuwa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, na Julius Nyerere akawa rais wake. Uhuru ulipopatikana siku hiyo ikawa sikukuu. Sisi watoto wa Tanga hatukuwa na habari na katiba ya chama; tulijua kwamba Sabasaba kuna gwaride, kuna ngoma, na kuna mtu atakayetununulia sharubati. Tulichokijua pia bila kufundishwa ni kwamba mikutano yote ilikuwa kwa Kiswahili. Bibi Titi Mohamed aliposimama kuwaita wanawake waingie TANU, hakuwa na mkalimani pembeni. Mzigua alimwelewa, Mdigo alimwelewa, na Msambaa aliyeshuka kutoka milimani na kikapu chake cha matunda alimwelewa.

Ndiyo maana UNESCO, walipokaa Novemba 2021 kukitafutia Kiswahili siku yake duniani, waliiona hiyo 7 Julai. Hawakufumba macho wakachovya kidole kwenye kalenda. Walitazama jinsi TANU ilivyokifanya Kiswahili silaha ya kudai uhuru, na pia jinsi Jomo Kenyatta alivyoitumia lugha hiyo hiyo na ule wito wake wa Harambee. Siku ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2022, na hakuna lugha nyingine ya Kiafrika iliyokuwa imepewa siku kama hiyo. Siku mbili kabla yake Baraza la Mawaziri la Uganda likawa limekubali Kiswahili kiwe lugha rasmi. Mwaka 2024 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikaja kuiadhimishia hapa hapa Mombasa, na wengine wenu niliziona picha zenu, mmevaa makanzu ya kuazima. Basi mjukuu wangu, ukisema chimbuko ni Tanganyika hukukosea. Umekosea kwenye neno "wameazima". Mtu haazimi lugha aliyonyonya nayo.

Na huko Tanzania kwenyewe siku hiyo imeshabadilisha wapangaji. TANU iliungana na ASP ya Zanzibar mwaka 1977, ikazaliwa CCM, na TANU yenyewe ikawa historia. Kwa miaka mingi Sabasaba iliitwa pia siku ya wakulima, mpaka wakulima walipohamishiwa Nane Nane, tarehe 8 Agosti. Leo ukimwuliza mtoto wa Dar Sabasaba ni nini, atakutajia maonesho ya biashara pale Barabara ya Kilwa: foleni, vumbi, aiskrimu, na masufuria ya bei ya ofa. Mpangaji wa kwanza amehama, jina limebaki juu ya mlango.

Sasa nije kwenye Kamukunji, ule uwanja wa Nairobi, na hapa mnivumilie.

Ilikuwa Jumamosi, 7 Julai 1990. Nilikuwa nikikaa Shauri Moyo, chumba kimoja, mwendo mfupi tu wa miguu kutoka uwanjani. Kenneth Matiba na Charles Rubia, wote wawili waliowahi kuwa mawaziri, walikuwa wametangaza mwezi Mei kwamba Kenya inahitaji vyama vingi, kisha wakaitisha mkutano Kamukunji. Kibali wakanyimwa. Tarehe 4 Julai wakatiwa kizuizini. Watu wakaamua kwenda hivyo hivyo. Makanga wa matatu walipita wakionyesha vidole viwili hewani, maana yake vyama viwili na zaidi, na wiki ile vidole viwili vilitosha kukutia matatani.

Mimi sikwenda. Nataka mlijue hilo kabla hamjanichora kwenye bango. Nilikuwa nimeroweka maharage, na redio ilikuwa ikizungumzia Kombe la Dunia. Fainali ilikuwa kesho yake, na mtaa mzima ulikuwa bado unaomboleza Cameroon kutolewa na Uingereza. Kwanza ukaingia moshi wa kutoa machozi, kwa chini ya mlango. Kisha wakaingia watu. Nilipoteremsha komeo nilihesabu vichwa kumi na kimoja, wanane siwajui. Kijana mmoja, umri wenu, alikuwa na jeraha chini ya goti. Sina bendeji, sina dawa. Nikachukua leso yangu, mpya, hata haijafuliwa, nikaitia meno nikaichana. Jina la leso lilikuwa "Mgeni njoo mwenyeji apone". Ikachanika katikati ya maandishi. "Mgeni njoo" ikaenda na mguu wa yule kijana, "mwenyeji apone" ikabaki mkononi mwangu. Alikaa mpaka magharibi, akanywa chai ya rangi, akaomba radhi kwa kuchafua mkeka, akatoka. Jina lake sikulijua mpaka leo.

Vurugu ziliendelea kwa siku kadhaa, zikafika na miji mingine, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Desemba 1991 kifungu cha 2A, kile kilichokuwa kimeifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria tangu 1982, kikaondolewa kwenye Katiba. Desemba iliyofuata tukapiga kura za vyama vingi. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini, na hakurudi kuwa Matiba yule mpaka alipofariki mwaka 2018. Kwa hiyo wewe uliyesema "hayo ni ya zamani, bibi zetu ndio wanayajua", bibi yako ninayajua, lakini si ya zamani. Jumatatu ya 7 Julai 2025, Kigali walikuwa wakiadhimisha Siku ya Kiswahili kwa niaba ya Jumuiya. Siku hiyo hiyo, watu wakiandamana kuikumbuka Sabasaba ya 1990, barabara za kuingilia katikati ya Nairobi zilifungwa kwa vizuizi na seng'enge, na Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ikahesabu zaidi ya watu 30 waliouawa. Kiswahili kilichokuwa kikighaniwa Kigali ndicho kilichokuwa kikilia Nairobi.

Mtasema, basi bibi yuko upande wa mishumaa ya maombolezo. Ngojeni.

Nilikulia Ngamiani, Tanga, kwenye nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita. Mnazijua: ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani jiko moja na choo kimoja cha wote. Mwaka mmoja, siku ile ile ya Sabasaba, tumetoka kwenye gwaride na vumbi letu miguuni, chumba cha pili kulikuwa na harusi. Ngoma zilikuwa zimeshaegemezwa ukutani uani, na sufuria la pilau lilikuwa jikoni. Chumba cha tano kitoto cha miezi mitatu kikafariki.

Wageni wa harusi walikuwa wametoka Pangani na Muheza, hawarudishiki. Maiti naye hangoji. Bibi mwenye nyumba, mfupi, mkali, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake, akatoka ukumbini akasimama. Hakuitisha kura. Aliwaambia wapiga ngoma wazigeuze ngoma zao, ngozi chini. Mama wa bibi arusi akavua dhahabu zake, akazifunga kwenye pindo la kanga, akaenda kukaa mkekani na mfiwa. Wanaume wa harusini ndio waliochimba kaburi, kwa kuwa ndio waliokuwa wengi. Kitoto kikazikwa baada ya adhuhuri. Sahani ya kwanza ya pilau haikwenda kwa bwana harusi, ilikwenda chumba cha tano. Alasiri ilipoingia watu wakawa wanatazamana, hakuna anayethubutu kugusa ngoma. Yule mama aliyefiwa akasema kutoka chumbani, mlango umerudishwa nusu: "Pigeni. Mtoto wa watu hana kosa." Wakahamishia ngoma nyumba ya tatu, wakapiga, lakini walipiga kwa adabu. Usiku ule nilimsikia mama yule akilia, na nilisikia vigelegele, na vyote viwili vilikuwa vya kweli.

Sikumsikia hata mtu mmoja akiuliza siku ile ni ya nani.

Ndiyo nyumba ninayoiona mkinitajia 7 Julai. Mmoja wenu alinionyesha kwenye simu orodha ndefu ya mambo yote yaliyowahi kuangukia tarehe hiyo, akitaka yote yatajwe jukwaani. Mbio za mafahali wa Pamplona huko Hispania. Uhuru wa Visiwa vya Solomon, 1978. Mabomu ya London ya mwaka 2005, yaliyoua watu 52. Kwa Wakatoliki, kumbukumbu ya katekista Peter To Rot wa Papua New Guinea. Na sikukuu ya nyota huko Japani, ambako watu huandika maombi yao kwenye vikaratasi wakavitundika kwenye mianzi; hilo nikiri limenipendeza. Lakini mwanangu, hiyo ni nyumba ya dunia nzima, na sisi tunakaa chumba kimoja cha nyumba hiyo. Ukisoma orodha yote, msiba wa London utapewa pumzi moja na mafahali wapewe pumzi moja, na hakuna atakayekuwa amekumbukwa. Mwenye jamaa aliyefiwa London asimame amtaje huyo. Mengine yaacheni kwa wenyewe.

Na mshairi wetu wa beti ishirini na moja juu ya siri ya namba saba: shairi lina vina vizuri, lakini siri hakuna. Nyingi za tarehe hizi hupangwa na watu mezani. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari kwa sababu ASP nayo ilizaliwa siku hiyo mwaka 1957. Kenya ilipata uhuru 12 Desemba 1963, ikaamua kuwa jamhuri 12 Desemba 1964. Nyingine hukutana tu, kama abiria wa gari moja. Mwaka 2016 Idi ya Mfungo Mosi iliangukia wiki ya Sabasaba, na miaka iliyofuata ikasogea zake, maana mwezi hausomi kalenda ya ukutani. Punguza beti kumi na nne. Utabaki na saba, ndizo unazozipenda.

Sasa nisemavyo mimi, na mnaweza kukataa, chama ni chenu.

Asubuhi iwe ya Kamukunji. Kabla ya spika kufunguliwa muziki, kabla ya kibanda kuwashwa moto. Isiwe dakika moja ya kusimama kimya halafu mshereheshaji apige makofi. Iwe saa nzima, watu wamekaa, aliyekuwapo 1990 aseme na aliyekuwapo 2025 aseme, kwa Kiswahili chake, hata kama kina sheng ndani. Nimeona bango mlilochora: mshumaa pembeni, na chini yake sahani ya viazi karai na bei. Lichaneni. Msiba hauwi nakshi ya bango la chakula.

Baada ya hapo kunyweni chai. Chai ndefu. Alasiri ndipo mashairi, leso, na viazi. Mtu akiona hawezi kubaki kwa ajili ya nyimbo, aondoke na asisindikizwe kwa minong'ono. Akibaki na asicheke, msimwambie atabasamu kwa ajili ya picha. Na anayeimba asitupiwe jicho. Lugha hii imeimbwa na watu waliokuwa na shida kubwa kuliko zetu.

Nitakuja. Kipande changu cha leso ninacho, kimeoshwa mara nyingi, maandishi bado yanasomeka. Msinitafutie fremu, nitakishika mwenyewe. Kiti changu kiwe cha mbao, hivi vya plastiki vinanikunja goti. Na yule wa kashata aje Ijumaa asubuhi anikunie nazi nne. Mbuzi ya kukunia iko nyuma ya mlango wa jikoni, ashike kwa uangalifu, meno yake bado makali.

Bibi yenu,
Mwalimu mstaafu, Mombasa