Mkate usiotiwa chachu si mkate usio na gluteni

Mhariri,

Katika ukurasa wenu wa mapishi mliandika kwamba mtu aliyekatazwa gluteni, yaani protini iliyomo katika ngano na jamaa zake, anaweza kula matza ya Pasaka ya Kiyahudi bila hofu, kwa kuwa mkate huo hauna chachu. Naomba nafasi ya kuisahihisha kauli hiyo, maana mgonjwa wa siliaki, yaani ugonjwa ambao gluteni huudhuru utumbo, akiifuata ataumia.

Nadhani kosa limeanzia katika lugha yetu wenyewe. Tumezoea kusema “mikate isiyotiwa chachu”, na neno hilo “isiyotiwa” linatufanya tudhani kwamba chachu ni kitu kinachochotwa koponi na kumiminwa ungani, kama hamira. Katika sheria ya Kiyahudi, kilichokatazwa wakati wa Pasaka, yaani hametsi, ni nafaka yenyewe iliyochachuka: ngano, shayiri, rai, oti au spelti, ambayo ni jamaa ya ngano, ikishakutana na maji na kuachwa dakika 18 bila kuokwa. Matza nayo ni lazima itokane na mojawapo ya nafaka hizohizo tano, kwa sababu wanazuoni wao walishika kwamba kisichoweza kuwa hametsi hakiwezi kuwa matza. Matza ya kawaida, basi, ni ngano na maji, na gluteni yake iko palepale. Moto wa tanuri hauiondoi, wala kutoumuka hakuipunguzi.

Mimi ni mwokaji, na niliwahi kukosea upande wa pili. Niliombwa keki ya Pasaka na familia ya Kiashkenazi, yaani Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, yenye mtoto mwenye siliaki, nikaioka kwa unga wa mchele na wa mahindi, nikaushikamanisha kwa gundi ya zanthani, na nikajisifu kwamba haina hata chembe ya gluteni. Ilikuwa kweli, lakini haikuliwa. Tangu karne ya 13 huko Ulaya, Waashkenazi wamekuwa na desturi ya kuacha kitniyoti siku za Pasaka, yaani mchele, mahindi, uwele na jamii ya kunde, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kwamba punje hizo huchanganyika na ngano ghalani na unga wake hufanana na unga uliokatazwa. Gundi yangu nayo ilitengenezwa kwa sukari ya mahindi iliyochachushwa na bakteria. Wasefaradi, yaani Wayahudi wenye asili ya Hispania na Ureno, wengi wao hula mchele baada ya kuuchambua kwa makini, na mwaka 2015 kamati ya sheria ya vuguvugu la Conservative la Marekani, mojawapo ya matapo ya dini ya Kiyahudi, iliwaruhusu hata Waashkenazi wake kula kitniyoti. Kwa hiyo mwokaji hana budi kuiuliza familia inafuata desturi ipi kabla hajagusa bakuli.

Kinachobaki baada ya kuondoa vyote hivyo si haba: wanga wa viazi, wanga wa muhogo, unga wa lozi, nazi na mayai. Gluteni ndiyo wavu unaoshika hewa ndani ya mkate, na pasipo wavu huo kazi yote huangukia ute wa yai, ambao hupigwa mpaka usimame, kisha huchanganywa taratibu kwa mwiko mpana ili povu lisikatike. Wanga wa viazi peke yake hutoa keki kavu inayomeguka, lakini ukichanganywa na lozi, mafuta ya lozi huipa keki ulaini unaodumu hata siku ya pili. Mitego iko katika vitu vidogo. Bekingi pauda nyingi huwa na wanga wa mahindi, na baadhi wa ngano, ndiyo maana ile ya Pasaka hutengenezwa kwa wanga wa viazi. Sukari laini ya kupambia mara nyingi huwa na wanga wa mahindi. Na kileo kilichomo katika vanila ya maji huweza kuwa kimetokana na nafaka.

Mtego mkubwa kuliko yote ni unga wa matza. Keki nyingi za Pasaka zinazosifiwa kuwa hazina unga zina matza iliyosagwa, ambayo ni ngano tu iliyobadilishwa jina. Hapa mgonjwa husaidiwa na watu asiowatarajia: baadhi ya Wahasidi, Wayahudi wa kundi linaloshika sana sheria, hawaruhusu matza iliyokwisha kuokwa iguse maji, hivyo keki na biskuti zinazookwa kwa kufuata mwiko wao kwa kawaida huwa za viazi na lozi. Hata hivyo, lebo ya gluteni nayo isomwe.

Ama kuhusu matza yenyewe, ambayo usiku wa kwanza wa sikukuu huliwa kiasi cha zeituni kwa kutimiza amri, wapo wanaoioka kwa oti zilizolindwa zisichanganyike na ngano tangu shambani. Wagonjwa wengi wa siliaki huzistahimili, wengine hawazistahimili, na jambo hilo huamuliwa na daktari pamoja na rabi, kwa kuwa sheria hiyohiyo huweka uhai mbele ya tendo hilo la ibada.

Naomba kauli ile isahihishwe katika ukurasa uleule ilikochapishwa, ili aliyekata kipande kile cha gazeti na kukibandika jikoni apate cha kukibandika juu yake.

Msomaji wenu, mwokaji