Fatuma si Fatima aliyekosewa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu jina langu.

Hivi karibuni mkaza mwanangu alikwenda ofisi moja kuchukua cheti cha kuzaliwa cha binti yake. Kadi ya kliniki inasema Fatuma, na fomu aliijaza Fatuma kwa herufi kubwa. Cheti kikatoka Fatima. Alipouliza, karani alimwambia kuwa Fatuma ni matamshi ya kizamani, kwa hiyo wamemsahihishia. Mtoto huyo ni somo yangu. Jina hilo mimi nililipata kwa bibi mzaa baba, naye kwa shangazi yake.

Hakuna kilichosahihishwa hapo. Jina ni la Kiarabu, hilo halina ubishi; wanazuoni hulihusisha na kumwachisha mtoto ziwa, na limeenea duniani kwa mapenzi ya Waislamu kwa binti wa Mtume Muhammad (S.A.W.), mama yao Hasan na Husein. Lakini kila lilikofika, wenyeji walilitamka kwa ulimi wao. Waturuki waliidondosha irabu ya katikati wakabaki na Fatma, na Unguja wako wengi wanaoitwa hivyo hivyo. Waajemi wana Fatemeh. Senegal ni Fatou, Mali na Guinea ni Fatoumata. Jirani zetu Wasomali husema Faduma, kwa u ileile iliyomkera karani. Sababu yake iko mdomoni: midomo inapojiandaa kufumba kwa ajili ya m, irabu iliyotangulia huvutwa ikawa u. Litamke polepole mbele ya kioo, utaiona midomo ikikusanyika.

Tena ni jina lenye historia pwani hii. Wareno walipozingirwa na Waomani katika Ngome ya Yesu kule Mombasa, kuanzia 1696, aliyewapelekea chakula ni Malkia Fatuma wa Unguja. Na Bi Kidude, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyefariki Aprili 2013, jina lake ni Fatuma binti Baraka. Nani atathubutu kumsahihisha yule?

Na Fatima sina ugomvi naye. Wako Wakatoliki waliopewa jina hilo kwa heshima ya Bikira Maria wa Fatima, mji wa Ureno ambako watoto watatu walisema aliwatokea mwaka 1917. Hao i yao ni haki yao. Batuli na Zahara nayo ni majina ya sifa ya bibi yuleyule, binti wa Mtume. Hapa Tanga utakuta nyumba moja ina Fatuma, Batuli na Zahara, ukoo umemkumbuka mtu mmoja mara tatu.

Kinachoniumiza ni yatakayofuata. Cheti kina Fatima, kadi ina Fatuma, kesho shule itaandika Fatma, na siku binti anaomba kitambulisho ataambiwa hao ni watu watatu, akaape kwa wakili.

Nawaomba makarani waandike jina kama mzazi alivyolitaja, kisha wamsomee kwa sauti kabla ya kupiga muhuri. Na ninyi wazazi vijana, msikubali kuondoka dirishani na jina ambalo hamkumpa mtoto. Sisi tumerudisha cheti, na tunasubiri kingine.

Fatuma, mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga