Hati mnapekua, nyumba je?

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako. Chukua tangazo lolote la nyumba inayouzwa hapa Dar es Salaam, iwe Tabata, Mbezi au Kigamboni: vyumba vitatu, kimoja masta, sebule, jiko, fensi, maji na umeme vipo, karibu na lami, hati safi, haina mgogoro, bei maongezi. Mnunuzi anaelezwa kila kitu isipokuwa hali ya jengo lenyewe. Cha ajabu, na yeye haulizi.

Kwenye karatasi tumeshapata akili. Viwanja kuuzwa mara mbili kumetufundisha kwenda ofisi ya ardhi kufanya upekuzi, kupita kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kuuliza majirani, kumtafuta wakili. Ni vizuri sana. Lakini mtu huyohuyo aliyehangaika na hati, akifika kwenye nyumba anawasha taa, anafungua bomba, anasifia vigae, anaondoka. Ndugu zetu walioko ughaibuni ndio kabisa, wananunua kwa video ya WhatsApp, na video hainusi unyevu. Mimi ni fundi sanifu wa majengo. Wengi huniita wakiwa wameshalipa, na hapo ninachoweza kuwapa ni makadirio ya ukarabati tu.

Kinachonitia shaka kwanza ni rangi mpya. Nyumba imekaa miaka bila kuguswa, halafu inapakwa rangi mwezi uleule inaotangazwa. Sisemi kila muuzaji ni tapeli. Hata bi harusi hupambwa. Ila nyuma ya rangi ndiko inakojificha chumvi inayopanda na unyevu kutoka kwenye msingi uliojengwa bila kizuizi cha maji. Sogeza kabati, gusa ukuta wa chini, hasa ule unaopakana na bafu. Plasta ikimomonyoka mkononi, umeshajua.

Nyufa nazo hazifanani. Ufa mwembamba wa plasta haunikoseshi usingizi. Ule unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kushuka ngazi kwa ngazi kufuata maungio ya matofali ni habari nyingine: mara nyingi msingi umetitia upande mmoja, na ukiuziba kwa puti bila kushughulikia msingi, utarudi. Kuna tofali lenyewe pia. Mfuko wa saruji wa kilo 50 ambao ungetoa matofali thelathini na kitu ya inchi sita, wapo wanaoufyatua mpaka wakapata sitini. Kuna mchanga wenye chumvi uliochotwa karibu na bahari, ambao huozesha nondo ndani ya lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, mpaka zege linaanza kudondoka vipande vipande. Halafu panda darini. Jipsamu inayopendeza sebuleni inaweza kuwa inaficha kenchi za mbao zisizotiwa dawa, njia za mchwa, na nyaya za umeme zilizoungwa kwa selotepu ili kulisha vyumba vya uani vilivyoongezwa baadaye. Uliza kama nyumba ina waya wa eathi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja, na uoneshwe ulipozikwa. Uliza shimo la maji taka liko umbali gani kutoka kisimani.

Ukiweza, irudie nyumba wakati wa masika. Waliowahi kuona mafuriko ya Desemba 2011 katika bonde la Msimbazi wanajua kwamba kiwanja kikavu cha Septemba hakikuambii lolote kuhusu maji.

Kuna dhana moja inayowaponza wanunuzi, hata wasomi. Wanadhani taarifa ya mthamini inatosha. Ni kweli uthamini unatakiwa wakati wa kuhamisha umiliki, na wathamini wana bodi yao na sheria yao ya mwaka 2016. Lakini kazi ya mthamini ni kusema nyumba ina thamani gani. Hakutumwa kuchimba pembeni ya msingi wala kupanda juu ya dari. Anayeweza kukwambia kama nguzo inabeba mzigo wake ni mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na awe umemtafuta mwenyewe. Asiwe fundi wa muuzaji. Asiwe rafiki wa dalali, kwa sababu dalali analipwa siku nyumba inapouzwa, siyo siku inapokaguliwa. Tunaponunua kwa mkopo, benki nayo huwa na macho yake. Wengi wetu tunalipa taslimu, kwa hiyo kati yako na hasara hakuna mtu mwingine. Ukishasaini, ukaja kulalamikia kasoro ambayo ungeiona kwa kuangalia, utaulizwa kwa nini hukuangalia.

Wauzaji wengi huogopa ukaguzi, na mimi huona wanajiumiza. Mnunuzi akigundua ufa katikati ya maongezi hushusha bei kwa mamilioni hata kama ufa wenyewe ni wa plasta tu, na muuzaji hana cha kumjibu. Mwenye taarifa ya mhandisi mkononi anasimamia bei yake. Nyumba za mirathi ndizo zinazohitaji jambo hili kuliko zote. Aliyejenga ameshafariki, warithi hawajui hata shimo la choo liko wapi, na kila mmoja ana bei yake kichwani. Msimamizi wa mirathi akiwawekea mezani hali halisi ya nyumba, ugomvi mwingine hauanzi.

Kwa wamiliki wasio na mpango wa kuuza, naomba niwakumbushe Kariakoo. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la ghorofa liliporomoka pale na kuua watu zaidi ya 20, na baada ya hapo ndipo serikali ikaunda timu ya kukagua majengo ya eneo hilo. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa katikati ya jiji lilianguka na kuua watu 36. Mambo haya hayako kwenye maghorofa makubwa peke yake. Mtaani kwangu naona nyumba za chini zikipandishwa ghorofa juu ya msingi ambao haukukadiriwa kubeba ghorofa, na wapangaji wanaendelea kulala chini huku fundi akimwaga zege juu.

Ningependa jengo lolote la ghorofa lenye wapangaji likaguliwe kila baada ya miaka kadhaa kwa sheria. Najua jibu litakalokuja: tutakuwa tumefungua dirisha jingine la rushwa. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana sipendekezi afisa wa halmashauri apite na kitabu cha faini. Mmiliki achague mhandisi mwenyewe, taarifa ipigwe muhuri wenye namba ya usajili, nakala ibaki halmashauri. Jengo likianguka, namba hiyo itakuwa na mtu wa kujibu.

Sheria zikichelewa, mnunuzi aanze na kipengele kimoja katika mkataba wa mauziano: nyumba itakaguliwa ndani ya siku 14, na malipo ya awali yatarudishwa endapo mhandisi atakuta kasoro ya msingi, nguzo au paa ambayo muuzaji hakuitaja. Mawakili wanajua kukiandika. Muuzaji akikikataa, mwombe angalau michoro iliyopigwa muhuri na kibali cha ujenzi. Akikosa na hivyo, ama mshushe bei kwa kiasi cha kujengea msingi upya, au mwambie dalali akuoneshe nyumba nyingine.

Fundi sanifu wa majengo,
Tabata, Dar es Salaam